Nafasi ya Sinia

Wanafunzi wake wa chuo cha ufundi walimwita Mwalimu Rula. Alilijua jina hilo na hakulikataa. Alikuwa amefundisha uchoraji wa kiufundi kwa miaka kumi na minane, na katika miaka yote hiyo hakuna mstari uliopinda uliompita machoni. Alipofikisha miaka arobaini na miwili alikata shauri kurudi darasani, safari hii akae upande wa wanafunzi. Akajiandikisha kusomea shahada ya pili katika historia ya usanifu wa vitu, elimu ya kuuliza kiti, kikombe au kitasa kilipataje umbo kililo nalo, nani alikiwaza, nani alikitengeneza na nani alikitumia.

"Yaani watakupa digrii kwa kujua historia ya vikombe," mumewe alimwambia. Mumewe alikuwa mfamasia, mtu mpole mwenye utani wa chinichini.

"Si vikombe. Grili za madirisha."

"Hapo sawa. Nilidhani unakwenda kupoteza muda."

Hata hivyo ndiye aliyekubali kushika ncha ya pili ya futi wakati wa kupima.

Grili zenyewe zilikuwa katika mtaa wa jirani, nyumba sitini na nne zilizojengwa safu mbili zikipeana migongo. Katikati ya migongo hiyo kulikuwa na kichochoro chembamba, na dirisha la jiko la kila nyumba lilitazamana na dirisha la jiko la nyumba ya pili. Mtu akinyoosha mkono dirishani, na mwenzake akanyoosha wake, wangeweza kushikana. Madirisha arobaini na moja yalikuwa na grili ya aina moja, chuma kilichokunjwa kama jani refu, na chini upande wa kulia kisanduku kidogo chenye nundu mbili za chuma, moja kila upande. Wakazi waliziita nundu hizo macho ya kinyonga. Hakuna aliyejua zilitoka wapi.

Mwalimu Rula alijua, au alidhani anajua. Katika duka moja la zamani la vifaa vya ujenzi alikuwa amepata katalogi ya kurasa thelathini, haina mwaka, imeliwa na mende pembeni. Ukurasa wa kumi na nne, mchoro namba ishirini na saba, lilikuwapo jani lilelile na kisanduku kilekile na macho yake mawili. Basi mambo yamekwisha, alijiambia. Duka lilichapisha, mafundi wakanakili. Aliandika kurasa arobaini kwa mwezi mmoja, akazipamba kwa nadharia tano nzito kuhusu jinsi picha zilizochapishwa zinavyosambaza mitindo kutoka juu kwenda chini. Siku ya kuzipeleka kwa msimamizi wake alivaa gauni alilonunua kwa harusi ya mdogo wake.

Msimamizi alikuwa profesa mwanamke, mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, na sauti ya chini iliyowafanya watu wasogeze viti. Alimrudishia kurasa zile baada ya wiki moja. Ukingoni mwa ukurasa wa tatu palikuwa na neno moja kwa penseli. Neno hilohilo likawa ukurasa wa saba, wa kumi na moja, wa kumi na tisa. *Umejuaje?*

"Profesa, katalogi ipo. Nimeipiga picha."

"Katalogi ipo, na grili zipo. Kipi kilitangulia?"

"Katalogi."

"Umejuaje?"

Mwalimu Rula alifungua tena ukurasa wenye picha ya katalogi.

"Nadharia zako hazina ubaya," profesa alisema. "Lakini umekuja nazo kama mtu aliyeshika kiatu mkononi, anapita mtaani akitafuta mguu kitakaoutosha. Nenda kapime kila dirisha. Halafu uwaulize watu. Halafu urudi kupima tena, maana watu watakudanganya, na wengi wao hawatajua kwamba wanakudanganya."

Alirudi nyumbani kichwa chini. Mumewe alimtazama, akatazama gauni, akaenda kuchemsha maji ya chai. Jumamosi iliyofuata, asubuhi, walikuwa kichochoroni na futi, daftari na kipande cha mkate kwenye mfuko.

Siku hiyo walipima madirisha kumi na mawili ya mwanzo wa mtaa. Visanduku tisa vilikuwa na upana wa sentimita kumi na mbili na kimo cha sentimita nane, sawasawa na katalogi. Vitatu vilikuwa vidogo zaidi. Mwalimu Rula alianza kupata nguvu tena.

"Unaona?" alimwambia mumewe. "Katalogi."

"Mimi nashika futi tu," alisema mumewe.

Jumatatu baada ya vipindi alikwenda kwenye karakana ya kuchomelea iliyokuwa mwisho wa mtaa. Mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, alikaa fundi mstaafu ambaye wote walimwita Cheche. Karakana sasa ilikuwa mikononi mwa binti yake, mwanamke wa makamo mwenye ovaroli la bluu na kitambaa kichwani, aliyekuwa akisuguasugua geti kwa grainda. Mwalimu Rula alimwamkia mzee, akamweleza shida yake.

"Umefika penyewe," Cheche alisema. "Mtindo ule ni wangu. Niliamka asubuhi moja, nikauona wote kichwani, jani na kisanduku na macho. Urembo mtupu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ile kubwa ya kona, ya daktari."

"Mwaka gani, baba?"

"Mwaka ule wa mvua nyingi."

Binti alizima grainda. "Mwalimu, kwa baba yangu kila mwaka ni wa mvua nyingi. Usiandike kwa wino."

"Je, michoro ipo?" Mwalimu Rula aliuliza. "Hata karatasi moja."

"Ipo. Umeikanyaga."

Aliruka nyuma. Chini ya viatu vyake, kwenye sakafu ya saruji, palikuwa na mistari ya chaki: geti zima, kwa ukubwa wake halisi, na vipimo vimeandikwa pembeni. Cheche alieleza kwamba ndivyo walivyofanya kazi tangu zamani. Mteja anaeleza, fundi anachora sakafuni, chuma kinakunjwa na kulazwa juu ya mstari mpaka kifuate. Kazi ikiisha, ufagio unapita.

Mwalimu Rula alisimama akiitazama ile sakafu. Miaka arobaini ya michoro ilikuwa imefagiliwa na kutupwa jalalani. Mwanahistoria mwingine angekufa moyo. Yeye, kwa sababu asiyoielewa vizuri, alijisikia kucheka. Mtaa mzima uliundwa kutoka kwenye karatasi hii moja isiyokunjika, na yeye alikuwa akihangaika na karatasi zilizoliwa na mende. Akaomba ruhusa, akapiga magoti, akapima lile geti la chaki kana kwamba ni kitabu adimu. Alipoinuka magoti yake yalikuwa meupe.

Jumamosi ya pili walifika nyumba ya kumi na saba. Mumewe ndiye aliyeweka futi kwanza, akakohoa.

"Hebu njoo uone. Upana arobaini na sita. Kimo ishirini na moja."

"Umesoma vibaya."

"Nimesoma kama ilivyoandikwa. Na tazama hapa."

Kisanduku hiki hakikuwa pambo. Kilikuwa kijilango cha kweli chenye bawaba, na ubavuni mwake palikuwa na komeo, kipande cha chuma kilichoteleza kati ya vishikizo viwili. Vishikizo vyenyewe vilikuwa nundu mbili, moja kila upande. Macho ya kinyonga.

"Sasa huyu alitaka kupitisha nini?" mumewe alijiuliza kwa sauti. "Mtoto?"

"Mtoto alipita mara moja tu," sauti ilijibu kutoka ndani, "na halikuwa shauri langu."

Nyuma ya grili alitokea bibi mwembamba mwenye nywele fupi nyeupe na taulo la vyombo begani. Mtaani aliitwa Bi Taipu, kwa sababu alikuwa karani wa kupiga chapa maisha yake yote ya kazi. Aliwatazama hawa watu wawili wazima waliobana kwenye kichochoro chake, akatazama futi.

"Zungukeni mlangoni. Nikiongea na watu kichochoroni jirani yangu ataona wivu."

"Nimeshaona," ilisema sauti ya pili nyuma yao, kutoka dirisha la upande wa pili. Huyo alikuwa Mama Pacha, mnene, mchangamfu, akiwa ameegemea viwiko kama mtu aliyekwishalipia kiti. "Waingie kwako, lakini chai itoke kwangu."

Mwalimu Rula aliketi jikoni kwa Bi Taipu, akawasha kinasa sauti, na kabla hajauliza swali la kwanza komeo lililia, kijilango kikafunguka, na sinia lenye chupa ya chai na vikombe vinne likavuka kichochoro kutoka dirisha hadi dirisha. Lilipita bila kugusa upande wowote. Alisahau swali lake.

Maelezo yalikuwa rahisi. Mama Pacha alipojifungua mapacha, mumewe alikuwa dereva wa masafa marefu na hakuwa nyumbani. Bi Taipu alimpikia supu na uji kila siku. Lakini kutoka mlango wa mmoja hadi mlango wa mwingine ilibidi kuzunguka safu nzima ya nyumba, na supu ilifika baridi.

"Jiko lake nililiona kama ninavyokuona wewe," Bi Taipu alisema. "Katikati yetu palikuwa na chuma tu. Nikasema, chuma si kimetengenezwa na mtu? Nikabeba sinia langu mpaka kwa Cheche."

"Naye akachora?"

"Naye akakataa. Mara mbili. Akasema nafungulia wezi mlango. Nikamwambia mwizi wa kupita hapo lazima awe mwembamba kama chupa ya chai, na huyo nitamlisha kwanza. Mara ya tatu nilichukua chaki yake, nikalaza sinia sakafuni, nikalizungushia mstari mwenyewe."

"Na mtoto?" mumewe aliuliza. Lilikuwa linamkereketa.

"Wa pili alikuwa ananyonya, wa kwanza analia," Mama Pacha alisema kutoka ng'ambo. "Nikampitisha huyo anayelia dirishani kwa shoga yangu. Alipita kama mkate unavyotoka ovenini. Leo ana kitambi, hata mguu haupiti."

Mwalimu Rula alicheka mpaka kinasa sauti kikamnasa akicheka. Kisha akakumbuka sauti ya chini ya profesa. Hadithi ilikuwa tamu, na Cheche naye alikuwa na yake, tamu vilevile. Angejuaje?

Alimaliza kupima madirisha yote arobaini na moja. Jumapili alikata vipande arobaini na moja vya karatasi, kila kimoja kwa ukubwa wa kisanduku chake, akavipanga kwenye zulia la sebuleni kutoka kikubwa hadi kidogo, na mumewe akalazimika kupita ukutani kama mjusi ili afike chumbani. Vilipokaa kwa mpangilio, jambo likajitokeza lenyewe. Visanduku vikubwa sita, vyote karibu na nyumba ya kumi na saba, vilikuwa na komeo linalofanya kazi. Vilivyofuata vilikuwa na vishikizo viwili bila komeo kati yake. Vya mwisho, vidogo kuliko vyote, vilikuwa na nundu mbili tu zilizodondoshwa kwa moto wa kuchomelea, hazishiki kitu, zinatazama tu. Waliotumia sinia walihitaji nafasi. Waliokuja baadaye walipenda sura yake, wakaomba kama ya jirani, na kila fundi aliyenakili akapunguza kidogo asichojua kazi yake.

Kwenye katalogi kisanduku kilikuwa kidogo na nundu zilikuwapo. Lakini nundu zisizo na komeo zina maana gani, ila kwamba aliyechora katalogi alikuwa ameiona grili mtaani na hakujua alichokiona?

Hiyo ilikuwa dalili. Alitaka ushahidi. Mama Pacha alimtolea kadi ya kliniki ya mapacha, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, ina tarehe ya kuzaliwa na mhuri. Kisha Mwalimu Rula akaitazama tena katalogi, si mchoro bali jalada, ambalo hakuwahi kulisoma vizuri. Chini kabisa palikuwa na namba ya simu ya duka, yenye tarakimu saba. Alikwenda posta, akamkuta karani mvumilivu, na baada ya siku mbili karani akamwonyesha tangazo la zamani. Namba za simu zilikuwa na tarakimu sita mpaka mapacha walipokuwa na miaka tisa. Katalogi ilichapishwa baada ya hapo. Mtaa haukunakili duka. Duka lilinakili mtaa.

Alirudi nyumbani kwa miguu, na njiani akajikuta anatembea haraka kama mtu anayefukuzwa, ila anatabasamu.

Ilibaki Cheche. Kumwendea mzee wa watu na kumwambia umesema uongo halikuwa jambo la adabu, wala halikuwa utafiti mzuri. Bi Taipu ndiye aliyelimaliza. Alijifunga kanga, akachukua sinia kwapani, Mama Pacha na Mwalimu Rula wakamfuata nyuma, na wote watatu wakaingia karakana saa nne asubuhi.

"Cheche," Bi Taipu alisema, "nasikia mtindo wangu uliuota usingizini."

Mzee alimtazama. Akalitazama sinia. Uso wake ulipitiwa na mambo mengi kwa muda mfupi.

"Lile lilikuwa la bluu," alisema mwishowe.

"La kijani. Hili hapa hili."

"Bluu. Ulilitupa sakafuni kwa hasira likamenyuka rangi."

Bi Taipu aligeuza sinia. Ukingoni, chini ya rangi ya kijani iliyochakaa, palikuwa na alama ya bluu yenye ukubwa wa ukucha. Aliipitishia kidole gumba.

"Nililipaka rangi upya," alikiri. "Nimesahau kabisa."

Binti yake Cheche alizima mashine na kuja kusimama nao. Mzee sasa alikuwa ameinuka kwenye kiti. Alisema ni kweli, mama huyu alichora nafasi ile. Lakini nani alifikiria komeo? Alikaa siku mbili akilitafuta, maana hakutaka mwizi na hakutaka mtu afungue kwa mikono miwili akiwa ameshika supu. Linateleza kwa kidole kimoja. Nani alilijua hilo kama si yeye?

"Hilo ni lako," Bi Taipu alisema. "Sikuwahi kulisema. Ni komeo zuri sana."

Cheche alikaa chini tena. Alijifuta macho kwa nyuma ya mkono, akasingizia moshi, ingawa mashine ilikuwa imezimwa. Kisha wakaanza kubishana tena kuhusu bawaba, kwa sauti ya watu waliofurahi, na Mwalimu Rula akaandika mpaka kalamu ikaisha wino na binti akamkopesha chaki.

Sura ya kwanza aliifuta yote. Mpya aliianzia kwenye sakafu ya saruji. Alieleza kwamba kitu kama grili hakina baba mmoja, kwamba mpishi aliweka nafasi na fundi akaweka komeo, majirani wakaweka sifa na nakala zikaweka usahaulifu. Nadharia zilibaki mbili kati ya tano. Profesa alisoma, akavaa miwani, akasoma tena. Ukingoni hapakuwa na penseli.

"Umejuaje kwamba nyumba ya daktari haikuwa ya kwanza?" aliuliza kwa mazoea.

"Kisanduku chake ni sentimita kumi na sita, profesa, na hakina komeo. Halafu daktari alihamia mapacha wakiwa darasa la pili. Mama Pacha anakumbuka kwa sababu daktari huyo ndiye aliyemtoa mmoja wao ushanga puani."

Profesa alicheka kwa sauti, jambo ambalo lilimfanya mhadhiri wa chumba cha pili aje kuchungulia.

Siku ya kutetea tasnifu chumba kilikuwa na viti kumi na watu kumi na watano. Mtahini kutoka nje, bwana mwenye suti ya kijivu, aliuliza kama kweli inawezekana kuamini kumbukumbu za wazee. Kabla Mwalimu Rula hajajibu, Cheche alisimama nyuma.

"Mimi usiniamini," alisema. "Mimi nilimwambia uongo wiki nzima. Amini kipimo, halafu umuulize huyu mama, halafu unirudie mimi."

Mtahini aliandika jambo hilo kwenye karatasi yake, polepole. Baadaye ilijulikana kwamba alilinukuu darasani kwake. Mwalimu Rula alifaulu, na maneno ya mwisho ya barua ya matokeo yalisema kazi hii isomwe na wanafunzi wote wa mbinu za utafiti.

Nakala ya kwanza iliyofungwa jalada gumu aliipeleka nyumba ya kumi na saba. Bi Taipu aliipokea kwa mikono miwili, akaomba siku tatu. Siku ya nne alimwita. Tasnifu ilikuwa mezani, na kutoka ndani yake zilichomoza karatasi ndogo za njano kama manyoya ya kuku.

"Nimepata makosa ishirini na matatu ya chapa," alisema. "Mawili ni ya aibu. Kaa, mwanangu, tuanze ukurasa wa kwanza."

Mwalimu Rula alivuta kiti, akavua saa mkononi, akatoa rula yake kwenye mkoba ili washike mstari kwa mstari. Ng'ambo ya kichochoro Mama Pacha aliuliza kama wanataka chai ya maziwa au ya rangi, na wote wawili wakajibu kwa pamoja, kila mmoja na yake.